Kabla ya kumpakia mdogo wako sanduku, uliza nani anashika ufunguo wa bweni

Kama kwenu kuna mtu anayeingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni, basi unaijua ile karatasi. Sanduku la bati moja. Kufuli mbili. Ndoo, beseni, godoro la inchi nne, blanketi mbili, shuka pea mbili. Sahani, kikombe, kijiko. Sabuni ya mche, malapa, karatasi za chooni roli kumi, kamusi, Biblia au Kurani.

Wiki jana mama alinitumia picha ya karatasi hiyo kwa WhatsApp, na chini yake ujumbe mfupi: "Wewe ulisoma bweni. Angalia kama kuna kitu nimesahau kumnunulia mtoto." Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye kwa sasa anazunguka nyumbani akijisikia mtu mzima.

Niliisoma mara mbili. Hakuna kitu mama alikuwa amesahau, hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imewekewa alama ya tiki. Lakini sikumjibu siku hiyo. Kuna kitu kimoja nilikitafuta kwenye orodha nikakikosa, na hakiuzwi Gikomba wala supamaketi. Acha nikueleze, maana huenda na wewe umetumiwa picha kama hiyo.

Mimi nilisoma miaka minne katika shule moja ya kibinafsi, ya bweni, ya wasichana watupu. Jina nitalihifadhi. Ilikuwa na lango kubwa, maua yaliyokatwa vizuri, basi jipya, na bango la matokeo pale barabarani. Mzazi akishuka kwa gari aliviona vitu hivyo vinne, akaridhika, akalipa karo. Sisi tulioishi ndani tulikuwa na shule nyingine kabisa.

Shule hiyo nyingine ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mti, na aliyeigonga alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Huyo ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi, na ndiye aliyelala kidogo kuliko wote, maana akichelewa dakika mbili shule nzima inachelewa na yeye ndiye anayeadhibiwa. Kufikia saa kumi na moja tulitakiwa tuwe darasani kwa prepo ya asubuhi. Ukihesabu, una nusu saa ya kuamka, kuoga, kutandika kitanda bila mkunjo hata mmoja, kufagia sehemu yako ya zamu na kukimbia. Kukimbia ilikuwa sheria. Msichana anayetembea alionekana mvivu.

Saa kumi na mbili na nusu, uji. Saa moja, usafi. Saa moja na nusu, gwaride. Halafu masomo hadi saa kumi jioni, michezo kwa walio na bahati, kufua, chakula, prepo ya usiku mpaka saa tatu na nusu, maombi, na taa kuzimwa saa nne. Jumatatu githeri, Jumanne githeri iliyobadilishwa sufuria, Jumatano ugali na kabeji, Jumapili wali. Kama umepitia bweni unajua Jumapili tulikuwa tunaimba kanisani tukiwa tunanusa jikoni.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua wakati huo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeandika ratiba ya shule za bweni waziwazi. Masomo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo ni michezo, kisha muda wa mwanafunzi mwenyewe, kisha prepo hadi saa tatu na nusu usiku. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kulala. Serikali iliandika kwamba mtoto alale. Sisi tulikuwa tunalala saa sita na nusu, na tuliambiwa hiyo ndiyo siri ya bango la pale barabarani.

Usinielewe vibaya. Sitaki kukuambia bweni ni jela, kwa sababu haikuwa hivyo. Humo ndani nilipata familia ya pili. Mono anapofika, yaani yule wa kidato cha kwanza, anapewa mama wa shule. Wangu alikuwa wa kidato cha tatu. Mama yake, aliyekuwa kidato cha nne, moja kwa moja akawa nyanya yangu. Tulikuwa na ukoo kamili na hakuna mwalimu aliyetupangia.

Mama huyo alinifundisha kuoga kwa nusu ndoo na kubakisha maji ya kuosha miguu. Alinifundisha kuficha mkate ndani ya sweta kabla ya upekuzi. Siku ya kwanza kupata hedhi nikiwa shuleni, hakuniuliza kitu, aliniwekea pedi chini ya mto na soksi safi juu yake. Siku ya wazazi kututembelea, yule ambaye mtu wake hakuja hakukaa peke yake. Aliitwa kwenye shuka la wenzake, akapewa chapati na kuku, na mama wa mtu mwingine akamuuliza maendeleo yake kama mtoto wake wa kuzaa. Bado nina marafiki watatu wa shuka hilo. Mmoja ndiye aliyenikopesha hela ya kununua simu ninayoandikia haya.

Kwa hivyo nikikuambia kuhusu usiku ule wa kidato cha pili, ujue naongea kama mtu aliyeipenda nyumba hiyo.

Ilikuwa muhula wa pili. Msichana mmoja kitanda cha juu alikuwa na simu ya magendo, na alikuwa ameunganisha nyaya za chaja kwenye waya wa balbu, mtindo ambao nusu ya bweni iliujua. Usiku wa manane waya ukatoa cheche, godoro likashika. Halikuwaka moto mkubwa. Lilitoa moshi, ule moshi mweusi wa sponji ambao ukiuvuta mara moja koo linafunga.

Tulikuwa wasichana zaidi ya 60. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango ulikuwa mmoja, na kila usiku baada ya hesabu ulifungwa kwa kufuli kutoka nje. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Ufunguo ulikuwa kwa matroni, na nyumba ya matroni ilikuwa ng'ambo ya bwalo.

Tulipiga kelele. Tuligonga mlango kwa ndoo, kwa viatu, kwa mikono. Wengine walipanda madirishani na kutoa mikono nje kati ya vyuma. Kilichotuokoa ni foleni ya maji. Kwa sababu asubuhi bomba linapiganiwa, kila mtu alikuwa anachota maji ya kuoga jioni na kulala na ndoo yake chini ya kitanda. Mama wangu wa shule alichovya blanketi lake ndani ya ndoo, akalitupa juu ya lile godoro, akamwaga ndoo nyingine, na ya tatu. Wenzake wakafuata. Matroni alipofika na ufunguo, moto ulikuwa umekwisha na sisi tulikuwa sakafuni tukikohoa. Baadaye walisema alichukua dakika tano tu. Pengine ni kweli. Wewe jaribu kuhesabu dakika tano ukiwa umebana pua.

Hakuna aliyekufa, kwa hivyo haikuwa habari. Hata wazazi wengi hawakuambiwa.

Asubuhi tuliitwa gwarideni. Mwalimu mkuu alizungumza kwa muda mrefu kuhusu simu. Masanduku yetu yote yangepekuliwa. Mwenye simu alikuwa tayari ameitiwa mzazi, na hapo sikuwa na ubishi, alikuwa amekosea. Halafu mwalimu mkuu akauliza, kama walimu wanavyouliza wakiwa wamemaliza, "Kuna swali?"

Mono mmoja akainua mkono. Alikuwa mdogo wa mwili, sweta lilimfika magotini. Akasema, "Mwalimu, kwa nini mlango ulikuwa umefungwa kwa nje?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake kabisa. Swali lile lile lilikuwa kichwani mwangu tangu usiku. Lilikuwa kichwani mwa kila mtu pale. Lakini ukimya ulioshuka ulikuwa wa ajabu, kama sisi ndio tuliokosewa adabu. Aliambiwa apige magoti karibu na mlingoti wa bendera mpaka saa ya chakula. Ijumaa alitumwa nyumbani akalete mzazi. Muhula uliofuata kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.

Na sisi? Hakuna hata mmoja aliyenena. Si mimi, si mama wangu aliyekuwa shujaa wa ndoo, si viranja. Wiki iliyofuata mlango ulipata kufuli jipya, kubwa kuliko lile la kwanza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta habari za kuandika, nilisoma mwongozo wa usalama shuleni ambao wizara ya elimu ilitoa mwaka 2008. Unasema mlango wa bweni ufunguke kwa nje, kuwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, na mlango usifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wako ndani. Umeweka hata nafasi kati ya vitanda, mita 1.2. Yaani lile swali la yule mono lilikuwa limejibiwa na serikali kabla yeye hajaanza shule ya msingi. Alipigishwa magoti kwa kuuliza kitu ambacho shule ilikuwa inatakiwa kukijua.

Ukidhani nakuza mambo, kumbuka Kyanguli kule Machakos, Machi 2001, ambapo wavulana 67 waliangamia bwenini. Kumbuka Moi Girls hapa Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Kumbuka Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, watoto 21 wa shule ya msingi, shule ya kibinafsi ya bweni. Kila mara tunalia, tunaunda kamati, tunazungumza kuhusu nani aliwasha. Hilo ni swali la haki na lazima liulizwe. Lakini swali la pili, la nani angeweza kutoka na nani alishajaribu kusema mapema, huwa linabaki limepiga magoti karibu na bendera.

Najua kuna msee anasoma hapa na kusema, "Dada, watoto wakiruhusiwa kuuliza uliza shule itaenda wapi? Kengele ndiyo ilikupa matokeo." Nakubali nusu. Nilipita mtihani wangu vizuri. Kengele ilinisukuma mpaka kampasi.

Halafu kampasi hakukuwa na kengele.

Nilifika pale nikiwa sijawahi kuamua mwenyewe saa ya kulala. Sijawahi kukosa darasa kwa uamuzi wangu, wala kuhudhuria kwa uamuzi wangu. Hakuna aliyegonga rimu, basi nililala. Nilipoanza kubaki nyuma kuna mhadhiri ambaye mlango wake ulikuwa wazi kila Alhamisi, na ningeweza kwenda kumwambia sielewi. Sikuenda. Miaka minne nilikuwa nimefundishwa kwamba anayeinua mkono anapotea. Karo pia ilichangia, sitakudanganya. Lakini mwaka wa pili nilipoacha masomo, hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia kwamba nazama. Mama alijua baada ya miezi mitatu, na alijua kwa kupitia binamu.

Kwa hivyo nilianza kujiuliza, je, kuna bweni duniani ambalo linaendeshwa tofauti na halijaporomoka? Lipo. Kule Uingereza, katika mji mdogo wa Leiston, kuna shule ya kibinafsi inaitwa Summerhill. Ilianzishwa mwaka 1921 na Mskoti, A.S. Neill, na mpaka leo watoto wengi wanaishi hapo hapo shuleni. Kule masomo yana ratiba lakini mtoto halazimishwi kuingia darasani. Hiyo ndiyo sehemu inayowashtua watu, na sikuombi uikubali. Mimi mwenyewe nikipewa uhuru huo nikiwa na miaka 14 ningekuwa bado naruka kamba.

Kilichonishika ni mkutano wao. Shule nzima inakaa pamoja, watoto na walimu, na mtoto ndiye mwenyekiti. Mtoto wa miaka sita ana kura moja, mwalimu mkuu ana kura moja. Wanaamua sheria za kuishi pamoja, na usidhani hawana sheria. Wanazo nyingi. Saa za kulala zipo kulingana na umri, na kuna watoto wanaochaguliwa kuhakikisha wenzao wamelala. Ukivunja sheria unashtakiwa mbele ya wenzako na unatozwa faini. Si kila kitu kinapigiwa kura, kwa mfano kuajiri walimu ni kazi ya uongozi. Lakini jambo la kila siku linalokukera lina mahali pa kupelekwa, na kulipeleka si kosa.

Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliibana shule hiyo ibadilike. Ilikataa, kesi ikaenda London mwaka 2000. Pande mbili zilipofikia makubaliano, wanafunzi waliruhusiwa kufanya mkutano wao mle mle ndani ya chumba cha mahakama, wakajadili na kupiga kura kama wayakubali. Wakakubali. Shule bado ipo.

Utasema hayo ni ya Wazungu, na shule yenyewe ni ndogo na ya kulipia sana. Sawa. Basi rudi hapa Nairobi. Starehe ilianza mwaka 1959 na vibanda viwili vya mabati, Geoffrey Griffin akiwa na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, wakikusanya wavulana waliokuwa mitaani. Ni shule ya nidhamu kali, yenye viranja na gwaride, hakuna mtu wa kuiita legelege. Na katika desturi alizoziweka Griffin mlikuwa na baraza, ambapo mvulana anasimama mbele ya mkurugenzi na shule nzima, anauliza au analalamika, kisha anajibiwa. Griffin alikuwa ameshafanya kazi na vijana waliofungwa wakati wa hali ya hatari. Alijua kinachotokea watu wakifungiwa pamoja bila mahali pa kusema.

Kwa hivyo usiniambie lazima tuchague kati ya kengele na mdomo. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye uwanja mmoja.

Na bweni ndipo hili lina uzito zaidi. Mtoto wa kutwa akiona jambo baya, jioni anamwambia mtu nyumbani. Mtoto wa bweni anakula pale, analala pale, anaugua pale, na simu haruhusiwi. Shule ikimchukua saa 24, basi lazima impe pia mahali pa kuuliza. La sivyo atasubiri siku ya kutembelewa, aongee haraka haraka katikati ya chapati, na wewe umwambie, "Vumilia, ni miaka michache tu." Mimi niliambiwa hivyo. Mama hakuwa na ubaya, hakujua tu.

Hatimaye nilimjibu mama. Nilimwandikia kwamba orodha imekamilika, lakini siku ya kuripoti tuna maswali manne ya kuuliza kabla hatujashusha sanduku. La kwanza, tunaomba kuliona bweni lenyewe, si ofisi. Milango ni mingapi, na inafungukia wapi? La pili, usiku ufunguo unakaa na nani, na huyo mtu analala wapi? La tatu, kengele ya kwanza inalia saa ngapi? La nne ndilo ninalolipenda: mara ya mwisho mwanafunzi kuinua mkono na kulalamika ilikuwa lini, na alifanyiwa nini?

Hilo la nne usiishie kumuuliza mwalimu. Muulize msichana anayebeba ndoo pale nje. Na usitazame tu atakachosema. Tazama kama ataangalia nyuma yake kwanza.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika: "Hayo maswali si watatuona wakorofi? Mtoto asije akachukiwa." Nikaitambua sauti hiyo. Ni ile ile iliyonishika mkono asubuhi ile gwarideni.

Mdogo wangu alikuwa amesoma kila kitu juu ya bega la mama. Akanipigia kwa simu ya jirani. Hakuuliza kuhusu milango wala kengele. Aliuliza, "Na mimi nikiinua mkono wakinifukuza, nitarudi wapi?"

Nilimwambia atarudi kwangu. Nina chumba kimoja huku Kayole, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, godoro ni moja na kitanda kinalia. Nilimwambia kama atafukuzwa kwa kuuliza kwa nini mlango umefungwa, mimi mwenyewe nitakuja kumchukua kwa matatu na sitamuuliza hata swali moja.

Siku ya kuripoti nitamsindikiza mimi. Mama atabaki na risiti za karo. Mimi nitabeba sanduku, na nitamwomba matroni kwa heshima zote anionyeshe mlango.